Bisi za karameli zinataka chumvi, tena ya kutosha

Nianze na msimamo wangu ili anayetaka kubishana ajue pa kushikia: bisi za karameli zisizo na chumvi ni kazi iliyoachwa njiani. Utamu mtupu unakinaisha. Kiganja cha kwanza kitamu, cha pili kitamu, cha tatu unakila kwa sababu tu bakuli liko mbele yako na mpira haujaisha. Tia chumvi inayosikika, pilipili kidogo, karanga zilizokaangwa zikaiva na uchachu wa mbali, halafu uone kama bakuli hilo litafika kipindi cha pili.

Pingamizi nalijua, maana nimelisikia jikoni kwangu kutoka kwa ndugu zangu wenyewe: "Sukari na chumvi wapi na wapi?" Anayeuliza hivyo ni mtu aliyekulia embe bichi la chumvi na pilipili. Ni mtu ambaye akienda Unguja harudi bila ubuyu, na ubuyu ule ni nini kama si sukari, uchachu, iliki na pilipili kwenye kokwa moja? Ni mtu anayetafuna chevda yenye chumvi, karanga, zabibu kavu na sukari humohumo, wala hajawahi kumuuliza muuzaji swali. Pwani hii imezichanganya ladha hizo tangu zamani. Kilichoongezeka ni bisi tu.

Kwa hiyo ninachodai ni kwamba mchanganyiko huu si upishi wa kigeni unaodai vifaa vya kigeni. Ni kazi ya mpika kashata imekutana na kazi ya muuza chevda. Ukizielewa hizo mbili, maelekezo mengi yanayozunguka mtandaoni unaweza kuyaweka kando.

Sitaki kuwapora Wamarekani haki yao, lakini. Bisi zilizopakwa sukari iliyopikwa zilianza kupata jina kubwa Chicago, kwa ndugu wawili wahamiaji kutoka Ujerumani, Frederick na Louis Rueckheim. Walichanganya bisi, karanga na molasi, na mwaka 1896 jina la Cracker Jack likasajiliwa. Shida yao ya mwanzo ilikuwa ileile inayomsumbua mpishi wa Dar es Salaam leo: bisi zilishikana zikawa bonge. Walipopata njia ya kuzitenganisha, ikabaki shida ya unyevu, na hiyo ikatatuliwa mwaka 1899 kwa pakiti iliyofungwa kwa nta, kazi ya Henry Eckstein. Katika mji huohuo, duka la Garrett lililofunguliwa 1949 ndilo lililoupa umaarufu mchanganyiko wa bisi za karameli na bisi za jibini ndani ya mfuko mmoja. Mtamu na wa chumvi. Watu wanaupangia foleni mpaka leo.

Sasa ukitafuta namna ya kuupika nyumbani, unaambiwa ununue unga wa jibini, shira ya mahindi ya chupa, kipimajoto cha kupikia peremende na karatasi maalumu ya kutandika kwenye trei. Ukimaliza kuvikusanya, kama umevipata, hela ya mboga ya wiki imekwisha na hujagusa hata mbegu moja ya bisi. Mimi nasema achana navyo. Chumvi inayoletwa na jibini tunayo kwenye tambi za dengu na krispi za muhogo. Na kazi ya shira ya mahindi inafanywa na ndimu.

Hilo la ndimu nimelichukua kwa bibi yangu, ambaye sidhani kama aliwahi kulitamka neno karameli. Yeye alipika kaimati. Mwezi wa Ramadhani, alasiri, anabandika sukari na maji, ikianza kutokota anaikamulia ndimu, na ole wake atakayetia mwiko. "Iache, mjukuu wangu. Ndimu ndiyo inayoizuia isirudi sukari." Alikuwa sahihi kabisa. Sukari ya mezani ni sukrosi. Ikipata joto na asidi, sehemu yake inavunjika kuwa glukosi na fruktosi, na sukari za namna tofauti zikikaa pamoja haziwezi kujipanga upya kirahisi kuwa chembe. Shira ya mahindi inafanya jambo hilohilo kwa kuleta glukosi yake kutoka kiwandani. Sasa kwa nini nitafute chupa ya bei mbaya wakati ndimu ipo kwenye kikapu?

Tuje kwenye bisi zenyewe. Mahindi ya ugali hayafai, usijisumbue. Mbegu ya bisi ina ganda gumu lisilopitisha mvuke, na ndani yake kuna maji kama asilimia 14 ya uzito wake. Joto likifika kama nyuzi 180 za Selsiasi, maji yale yameshageuka mvuke wenye nguvu, ganda linashindwa kuhimili na wanga wa ndani unafumuka. Ndiyo sababu mbegu iliyokaa dukani ikakauka inabaki jiwe chini ya sufuria: haina maji ya kuipasua. Ukipata za namna hiyo usizitupe. Zitie kwenye chupa yenye mfuniko, weka kijiko cha maji, tikisa, ziache siku chache huku ukizitikisa unapopita. Nyingi zitafufuka.

Natumia mbegu kama gramu 120, sufuria nzito, na mafuta ya nazi vijiko vitatu vya chakula. Mafuta ya nazi si lazima, ila harufu yake inaendana na kila kitu kitakachofuata. Tanguliza mbegu tatu nne. Zikipasuka, mimina zilizobaki, funika, tikisa. Mfuniko uache upenyo mdogo mvuke utoke. Watu wengi hubana mfuniko kabisa kwa kuogopa bisi kurukaruka jikoni, kisha wanashangaa bisi zao ni laini. Mvuke uliotoka kwenye mbegu umerudi kwenye bisi, hakuna muujiza. Zikishaiva zichague. Mbegu moja isiyopasuka ikijificha ndani ya karameli inaweza kuondoka na jino la mgeni.

Sasa karameli, na hapa sitakwenda haraka. Sukari gramu 150, maji vijiko vitatu vya chakula, nusu kijiko cha chai cha maji ya ndimu. Tumia sufuria kubwa kuliko unavyodhani inahitajika. Sababu utaiona mbele. Bandika kwenye moto wa wastani, sukari iyeyuke, kisha usikoroge tena. Ukiona upande mmoja unawahi kubadilika, shika sufuria uizungushe kidogo. Itachemka ikiwa nyeupe muda mrefu mpaka udhani hakuna kinachoendelea, halafu ghafla pembeni panaanza kupata rangi, na kutoka hapo mambo yanakwenda mbio. Usiende kupokea simu. Inapofika rangi ya chai ya rangi, punguza moto na tia siagi gramu 60, iliyokatwa vipande. Itafoka. Hapo sasa koroga.

Siagi ninayosema ni ya maziwa, siyo ile ya kopo ya mafuta ya mimea tunayopaka kwenye mkate. Tofauti iko puani. Protini na sukari za maziwa zinaungua kidogo ndani ya sukari ya moto na ndizo zinazotoa ile harufu ya tofi. Samli inaweza kutumika na bisi zitakuwa kavu vizuri, lakini harufu hiyo utaikosa, kwa sababu samli imeshachujwa mambo yote hayo. Kwangu mimi, kama hela haitoshi siagi ya maziwa, bora kupika kidogo.

Kipimajoto? Bakuli la maji baridi linatosha. Dondosha tone la karameli ndani yake, lisubiri lipoe, lichukue ulivunje. Likipinda, bado. Likivunjika kwa mlio, tayari. Wapishi wa sukari walikuwa wakipima hivyo kabla vipimajoto havijaingia majikoni, na lile tone linalovunjika linakueleza kwamba umefika kama nyuzi 150, maji karibu yote yameshatoka. Maji yakibaki, bisi zitanata kwenye meno hata uzianike wapi. Bakuli hilo la maji lina kazi nyingine: karameli ya moto haina masihara, ikidondokea ngozi inanata na inaendelea kuunguza, kwa hiyo mkono uingie humo mara moja. Watoto wakae sebuleni mpaka uwaite.

Ukishaepua, tia chumvi laini karibu kijiko cha chai kizima. Ndiyo, kizima. Kisha nusu kijiko cha chai cha magadi soda ya kuokea, ile nyeupe ya unga. Siyo magadi ya mawe tunayolainishia maharage. Koroga upesi. Karameli itavimba, itapauka, itajaa povu na kupanda ukingoni, na sasa unaelewa kwa nini nilisema sufuria kubwa. Joto na asidi vimetoa gesi kwenye magadi, na vitone vya hewa vimenaswa ndani ya sukari. Ikikauka, badala ya kuwa bonge gumu la kuvunja meno, inakatika mdomoni kirahisi. Ukiiruka hatua hii unapata bisi nzuri za kutazama.

Mimina juu ya bisi zikiwa bado na joto, kwa sababu bisi za baridi zinaigandisha karameli kabla haijaenea. Geuza kwa miko miwili iliyopakwa mafuta, tokea chini kwenda juu, bila kuzisaga. Karanga za kukaanga au korosho, kama kikombe kimoja, ziingie hapahapa ili nazo zipate koti lao.

Lakini usimimine kwenye bisi zote, na hapa ndipo ninapotofautiana na karibu kila mtu anayepika kitu hiki. Theluthi moja ya bisi naitenga mapema, haiguswi na karameli kabisa. Hizo nazipa samli ya moto kijiko kimoja, chumvi na pilipili ya unga, basi. Chumvi yake naisaga kwenye kinu mpaka iwe vumbi, kwa kuwa punje kubwa hazishiki kwenye bisi, zinateleza zinakusanyika chini ya bakuli. Karameli ikishapoa na kutengana ndipo nazikutanisha pande mbili, na ndipo zinaingia tambi za dengu na krispi za muhogo zilizovunjwavunjwa, zile ambazo Mombasa huziita kachri.

Kwa nini nihangaike hivyo? Kwa sababu ukivalisha kila kitu karameli, umepata ladha moja iliyosambazwa sawasawa, hata kama chumvi imo. Ulimi unaizoea haraka. Ninachotaka ni mtu achote bila kutazama, apate kipande cha tofi, kisha tambi yenye pilipili, kisha bisi ya chumvi isiyo na sukari hata chembe, na asijue kinachofuata ni kipi. Chevda nzuri inakwenda hivyo: zabibu moja tamu inakukuta katikati ya pilipili. Wangezitia zabibu zile kwenye kinu wakazisaga pamoja na mengine, nani angenunua?

Uchachu ndio ulionipa shida ya kuufikiria zaidi. Mkono unakimbilia ndimu, kwa kuwa krispi za muhogo barabarani zinakamuliwa ndimu papo hapo na kuliwa papo hapo. Hapa haiwezekani. Maji yoyote yakigusa bisi za karameli, umezipoteza. Jibu likawa unga wa ubuyu, huu tunaotengenezea juisi, unaopatikana sokoni popote na kwa wingi zaidi ukipita Dodoma. Ni mchachu kwa asili na ni mkavu tangu kwenye tunda. Chekecha vijiko viwili vya chai juu ya bisi za karameli wakati karameli ina uvuguvugu wa mwisho, ushike. Sijakutana na kiungo cha dukani kutoka nje kinachofanya kazi hii vizuri zaidi, na sitegemei kukutana nacho.

Kuna wanaotia iliki na mdalasini. Iliki kidogo sawa. Mdalasini unanifanya nihisi nakula keki, lakini hiyo ni mimi.

Suala la oveni. Maelekezo mengi ya Marekani yanasema uoke bisi zilizopakwa karameli kwa nyuzi 120, kama dakika 45 hadi saa nzima, ukizigeuza kila baada ya robo saa. Sababu ni kwamba karameli yao wanaiepua mapema, ikiwa bado na maji, na oveni ndiyo inayomalizia kuikausha. Mwenye oveni na umeme wa kutosha afanye, koti linakuwa jembamba na linaenea vizuri. Sisi wengine tumeshaikausha ndani ya sufuria kwa lile tone la kwenye maji, kwa hiyo oveni haina jipya la kutuletea. Mimina kwenye sinia lililopakwa mafuta, tenganisha kwa vidole mara tu utakapoweza kuhimili joto lake, ukishapaka vidole mafuta pia. Mpika kashata anakuzidi kwa hilo tu, ngozi ya vidole.

Adui aliyebaki ni hewa ya pwani. Sukari iliyopikwa inavuta unyevu, na Dar, Tanga, Mombasa au Unguja unyevu haukosekani mwezi wowote, sembuse masika. Sinia likiachwa wazi juu ya meza tangu saa kumi, magharibi mtakula kitu kinachonata. Hakuna dawa nyingine isipokuwa kasi: zikishapoa kabisa, na nasema kabisa, maana zikifungwa na joto zinatoa jasho, ziingie kwenye kopo la bati au ndoo ndogo yenye mfuniko wa kubana. Gawa kwenye makopo mawili madogo badala ya moja kubwa, ili kila mkono unaofungua usiharibu zote. Mwenzangu wa Iringa au Nairobi, na baridi yake kavu, ana nafasi ya kucheza, mimi sina. Wanaoniuliza kama wanaweza kuzipika wakauze kwenye sherehe nawajibu: pika usiku wa kuamkia siku yenyewe, na hesabu gharama ya vifungashio kabla ya gharama ya sukari.

Zikiwa za kukaa siku nyingi, krispi na tambi mimi huziweka kopo la peke yake na kuchanganya wakati wa kuandaa. Tambi zina mafuta, karameli ina sukari, na vikikaa pamoja siku nyingi kila kimoja kinaharibu ukavu wa mwenzake.

Kuhusu kinywaji, soda hapana. Umehangaika kuupunguza utamu kisha unaurudisha kwa chupa? Kahawa chungu, ya vikombe vidogo, ileile inayokunywewa na kashata kwenye vibaraza, ndiyo mwenzi wake. Watoto wapewe maji ya baridi, na wakianza kuchagua karanga za karameli na kuziacha bisi za pilipili, bakuli lihamie upande wa wakubwa. Makombo ya chini ya kopo, yale ya vumbi la ubuyu, chumvi na vipande vya tofi, usimwage: nyunyizia juu ya ndizi mbivu iliyokaangwa kwa samli.